Uwanja wa Kuota Jua

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote ni ya mabanzi yakianguka. Mabanzi ni yale mapande ya nje ya gogo, yenye magome upande mmoja, ambayo mashine ya mbao huyakata kwanza na kuyatupa kando kwa kuwa hayafai kuwa mbao. Kila asubuhi, kama saa moja na nusu, trekta la yadi ya mbao iliyo nyuma ya mtaa wetu lilirudi kinyumenyume hadi uwanjani, tela likainuka, na mabanzi yakaporomoka: kra-kra-kra-kraaa. Halafu kimya kidogo. Halafu banzi moja lililochelewa, ko. Baada ya hilo la mwisho ndipo ndala za wanawake zilipoanza kusikika.

Asubuhi ya kwanza nilidhani nyumba ya jirani imeanguka. Nilikuwa nimefika Makambako jana yake, nikalazwa chumba cha uani kwa mama mdogo. Nikatoka nimejifunga shuka, macho yamenitoka. Mama mdogo alikuwa amechuchumaa anapuliza jiko, akanitazama kuanzia miguuni kwenda juu.

"Hizo ni kuni, mama," akasema. "Chukua kamba ukimbie. Wenzako hawangoji."

Nikakimbia. Ndivyo tulivyofahamiana, mimi na uwanja.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kijijini kwetu, Kifanya, na matokeo yangu hayakumliza mtu wala kumchekesha. Mama mdogo, ambaye ni mdogo wake mama, alikuwa fundi cherehani na alihitaji mtu wa kutia vifungo na kupinda mikunjo. Baba akasema nenda, mikono yako ni mizuri, tatizo ni kichwa kinachopaa. Alisema kwa upendo. Ni kweli kichwa changu hupaa. Shuleni nilikuwa nachora nyumba zenye bustani pembezoni mwa daftari la hesabu, na mwalimu alinirudishia daftari akiwa ameandika kwa kalamu nyekundu: maua mazuri, majibu yako wapi?

Basi uwanja ule nikauona kwa macho hayohayo ya kuchora. Ulikuwa katikati ya migongo ya nyumba na uzio wa yadi, kama nusu ya kiwanja cha mpira. Palikuwa na majivu, ndoo zilizopasuka, mtaro wenye maji ya kijani, na kila mfuko wa nailoni ambao upepo wa Makambako uliupata njiani uliishia pale. Haukuwa na jina. Mtu akikuelekeza alisema tu, "pale kwenye mabanzi." Kila mwenye taka alizitupa hapo, na aliyekosa pa kuanika, alianika hapo. Niliona aibu kwa niaba ya mtaa mzima, kana kwamba nimekuwa mwenyeji miaka kumi.

Lakini saa tatu, ukungu ukishaondoka, uwanja uligeuka. Mtaa wetu umebanana, paa linagusa paa, na nyua nyingi hazioni jua hadi mchana. Jua la kwanza kabisa linapiga pale, kwa sababu hapana kitu cha kulizuia. Na kwa baridi ya kwetu, jua ni kitu ambacho mtu anakitafuta. Wanawake walikuja na nyungo za maharage ya kupukuchua, wenye watoto mgongoni walikuja na watoto, mzee mmoja alikuja na redio ambayo haikushika stesheni. Wakakaa juu ya mabanzi ambayo bado hayajabebwa, wakageuza migongo mashariki, wakaota jua. Mtu akitoka nyumbani kwake hakusema anakwenda wapi. Alisema, "Natoka kidogo," na wote wakajua.

Hapo ndipo nilipompata Bibi.

Hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa amezaliwa na kuzeekea Ludewa, kule ufukweni mwa ziwa, mke wa mvuvi. Mume alipofariki, mwanawe mmoja, dereva wa lori, alimleta Makambako ili amwangalie kwa karibu, ingawa dereva mwenyewe alikuwa barabarani wiki nzima na aliyemwangalia Bibi ni mkwe wake. Bibi hakuisamehe baridi yetu. Alisema Mungu alipomaliza kugawa baridi duniani, iliyobaki akaimwaga Makambako akaenda zake.

"Ziwani jua linakufuata wewe," aliniambia. "Huku mimi mzee ndiye ninayelifuata, na magoti yenyewe haya."

Magoti yake yalikuwa kitu cha kuonea huruma. Asubuhi alifika uwanjani amejikunja, fimbo mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukishika kuta za watu njia nzima. Alikaa kwenye banzi, akapandisha khanga hadi chini kidogo ya magoti, akayaelekeza kwenye jua kama mtu anayekausha nguo. Saa nne na nusu hivi alisimama amenyooka na kurudi nyumbani akipunga fimbo hewani. Nilimwona hivyo kila siku, na kila siku niliona kama muujiza mdogo.

Nilipomwamkia siku ya kwanza aliniuliza kama nimeolewa. Nikasema bado.

"Uongo. Wewe ni mke mwenzangu. Mume wetu amekufa na hukuja hata msibani."

Watu wakacheka. Nikamjibu kuwa mimi ndiye mke mdogo, nilifichwa, sikupewa taarifa. Akapiga goti lake kwa kiganja, akacheka hadi akakohoa. Kuanzia hapo nikawa mke mwenzake, na nikikosekana uwanjani alimtuma mtu kumwambia mama mdogo kuwa mke mwenzake amelala na kazi zote kamwachia yeye.

Sasa niseme nilivyoharibu.

Kwenye simu ya mama mdogo kulikuwa na picha iliyokuwa ikizunguka kwenye makundi, ya bustani ya mji fulani wa mbali. Miti mikubwa, majani kama zulia, watu kwenye mabenchi kivulini. Niliitazama picha ile mpaka mama mdogo akanidai simu yake. Nikaupeleka ule uwanja wetu ndani ya picha. Nikaona miti imeuficha uzio wa yadi, mtaro umefunikwa, watu wamekaa kwa heshima, si kwenye magome yenye utomvu. Nikamwonyesha Bibi picha. Aliishika simu mbali na uso wake, akaitazama kwa muda.

"Hawa wamewekwa kivulini," akasema, "wamefanya kosa gani?"

Nilicheka. Nikadhani ni utani wake wa kawaida. Sikuuliza, na ningeuliza ningepunguza habari hii kwa nusu.

Mwisho wa mwaka nikaenda nyumbani Kifanya. Baba ni mkulima wa miti, kama nusu ya kijiji, na ana kitalu cha paini nyuma ya nyumba, viriba, vile vifuko vya miche, vimepangwa kama wanafunzi mstarini. Nilimwomba miche ya kupanda mtaani ili pawe na kivuli. Mvua zilikuwa zimeanza, alikuwa mbioni na shamba lake, akaniambia chagua iliyonyooka. Nikachagua ishirini na minne. Nikaibeba kwenye boksi hadi stendi ya Njombe, nikabadilisha gari, nikaipakata hadi Makambako. Dereva aliniuliza kama nasafiri na watoto.

Nilipanda asubuhi ya manyunyu, mwenyewe, kabla ya kazi. Na nilipanda kama nilivyofundishwa tangu nina miaka saba: nikapigilia vigingi viwili, nikavuta kamba, nikahesabu hatua tatu kwa tatu, nikachimba. Mistari miwili, upande wote wa mashariki. Nilijivunia sana. Ukisimama mwanzoni ukafumba jicho moja, miche kumi na miwili iligeuka mche mmoja. Nilisimama pale na tope hadi magotini, nafumba jicho hili, nafumba lile, nafurahi peke yangu kama mjinga.

Siku hiyo hakuna aliyesema kitu. Wala siku ya pili. Wanawake walichukua mabanzi yao upande wa chini na kuondoka bila kukaa. Nikaona ni heshima, wanaogopa kukanyaga. Siku ya tatu mama mdogo alirudi kutoka sokoni, akaweka kapu chini, akakaa kwenye kiti cha wateja badala ya kile cha cherehani.

"Nimeulizwa na watu wawili," akasema, "uwanja nimeununua lini."

Nikamwambia si wetu, ni wa kila mtu, miti ni ya kila mtu. Akanitazama kwa huruma, kama vile anavyomtazama mteja aliyeleta kitambaa kisichotosha.

"Umewaambia?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Nilidhani miti ingejieleza yenyewe. Kumbe ilijieleza, ila kwa maneno ambayo sikuyakusudia.

Baada ya wiki moja, mzee mmoja ambaye nyumba yake ya bati jekundu imepakana na uwanja upande wa kaskazini naye akapanda. Mikaratusi, mstari mmoja, umenyooka kuliko wangu. Nilimwamkia wakati anapanda, akaitikia vizuri tu, akaendelea kuvuta kamba. Kisha upande wa kusini akatokea mtu akapanga mawe. Kabla mwezi haujaisha uwanja ulikuwa na mistari pande tatu, kama karatasi ya daftari. Na dereva wa trekta, ambaye hakutaka kesi ya kuvunja mche wa mtu, akaacha kuja. Mabanzi akaenda kuyamwaga mbali, ng'ambo ya mtaro, kwenye korongo ambako asubuhi hakufiki jua.

Hivyo ndivyo sauti ilivyokoma. Niliamka saa moja na nusu kwa sababu ya kimya.

Bibi alikuja mara moja tu baada ya hapo. Mvua ilikuwa imetupa nafasi, jua limetoka kali, na mimi nilikuwa napalilia miche. Akafika kwenye mstari wa kwanza, akasimama. Nilidhani anapumzika.

"Kamwene, Bibi," nikamwamkia. "Pita ukae."

"Nipite wapi? Hapa pana mwenyewe."

"Ni mimi, Bibi. Mke mwenzako."

"Ndiyo hiyo shida," akasema. "Angepanda mtu baki ningempita na fimbo yangu. Amepanda mke mwenzangu, kwa hiyo narudi nyumbani."

Alisema bila hasira, na hakucheka. Akageuka. Nilimtazama akishika ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi kona. Sikumfuata. Nilikuwa na jembe mkononi na nilihisi kama nimekamatwa nalo.

Nilikaa siku kadhaa najitetea kichwani. Nilikuwa nimefanya jema, watu ndio wabaya, mtaa huu haupendi maendeleo. Nilimwambia mama mdogo maneno hayo huku natia vifungo, naye akaniambia nitie vifungo. Halafu Jumamosi moja akanituma kupeleka gauni kwa mkwe wa Bibi.

Mlango wa nyumba yao unatazama magharibi. Bibi alikuwa kizingitini, blanketi mabegani, blanketi lingine miguuni. Ilikuwa saa tano. Nje ya uzio jua lilikuwa linawaka, pale alipokaa palikuwa na unyevu na harufu ya mkaa. Mkwe wake akanivuta kando akaniambia Bibi sasa ni kunyanyuliwa tu, asubuhi miguu haiwezi kabisa, hadi chooni anabebwa, na anaona aibu, hataki maji ili asiende chooni. Aliniambia kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Hakujua kuwa ni mimi, au alijua akaamua kunistahi.

Nikachuchumaa mbele ya Bibi. Nikamwambia miti ile si shamba langu, niliipanda kwa ajili yao, na yeye hasa, apate pa kukaa penye kivuli.

Akatoa mkono kwenye blanketi, akaonyesha kizingiti, ukuta, na chumba chenye giza nyuma yake.

"Kivuli ninacho," akasema. "Tele. Nikukatie?"

Nilirudi bila kuchukua hata vipimo vya gauni lingine nilivyotumwa kuchukua.

Jumapili hiyo nilipanda gari kwenda nyumbani. Njombe nilisubiri gari la Kifanya zaidi ya saa nzima, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nilitazama watu. Nimepita Njombe maisha yangu yote na sikuwahi kutazama hivyo. Ibada ya kwanza ilikuwa imetoka. Watu walikuwa wamejipanga kwenye kuta zinazotazama mashariki, ukuta wa maduka, ukuta wa ghala, hata ukuta wa choo cha stendi, makoti yamefungwa hadi shingoni, nyuso zimeinuliwa, macho yamefumbwa nusu. Mama mmoja muuza parachichi alikuwa na kigoda. Kivuli cha nguzo kilipomfikia begani alisogeza kigoda kidogo, akaendelea kuuza. Kilipomfikia tena akasogeza tena. Mji mzima ulikuwa unaota jua. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na mti mzuri, mkubwa, wenye kivuli cha kutosha harusi, na chini yake hapakuwa na mtu hata mmoja. Kulikuwa na pikipiki tu.

Nikakumbuka swali la Bibi kuhusu wale watu wa kwenye picha. Nikaona haya hadi masikio yakapata moto, ikawa ndiyo sehemu pekee ya mwili wangu isiyohitaji jua.

Baba alinikuta kitaluni nimekaa. Nikamsimulia yote. Alisikiliza huku anang'oa magugu kwenye viriba, kisha akaacha.

"Ulipanda kwa kamba?"

"Ndiyo, baba."

"Hatua tatu?"

"Tatu."

Akaanza kucheka, akajizuia aliponiona usoni. Akaniambia niinue macho nitazame kilima cha mbele, kile chenye paini za babu. Nimekitazama tangu nizaliwe. Akasema babu hakuwa na karatasi ya kilima kile, wala mhuri, wala shahidi aliye hai. Alikuwa na mstari. Huku kwetu mti ulioota ovyo ni wa Mungu, unakata fimbo unapita. Miti iliyosimama kwa mstari ina mtu, na kila mwenye macho analisoma hilo hata kama hakwenda shule.

"Umejiandikia kiwanja, mwanangu," akasema. "Watu wazima wakasoma, wakakaa pembeni. Na aliyekuwa na tamaa akajiandikia na chake."

Nikauliza nifanye nini, niwatangazie? Akatikisa kichwa. Maneno hayafuti mstari. Na mtu mwingine hawezi kuung'oa, huo ni ugomvi wa kufika mahakamani. Mstari anaung'oa aliyeupanda, mchana, watu wakiona.

Ishirini na minne. Nilikuwa nimeipakata kama watoto.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mtu mpole ambaye ana kawaida ya kusikiliza akiwa amefumba macho hadi unadhani kalala. Akaitisha kikao palepale uwanjani, Jumamosi asubuhi. Watu wakaja, wakasimama nje ya mistari, hakuna aliyeingia ndani. Mwenyekiti akaeleza kuwa kwenye ramani ya mji hapa ni eneo la wazi, tangu zamani. Neno hilo wengi tulilisikia kwa mara ya kwanza. Miaka yote tulikuwa tunalikalia na hatukujua kuwa lina cheo. Akaniuliza mbele ya wote kama miti ile ni ya kudai ardhi. Nikasema hapana, na nikaomba radhi kwa kupanda bila kuuliza.

Mzee wa bati jekundu akakohoa.

"Binti anasema vizuri," akasema. "Lakini maneno ya kikao hayana mizizi, na paini zina mizizi. Ng'oa wewe kwanza, sisi tuone."

Mama mdogo, aliyekuwa nyuma ya watu, akanipitishia jembe. Kumbe alikuja nalo, amelifunga kwenye khanga.

Nilianzia mwanzo wa mstari, pale nilipokuwa nasimama kufumba jicho. Mche wa kwanza ulikuwa umeshashika, mizizi imetoka nje ya umbo la kiriba na kuanza kutafuta. Niliung'oa na udongo wake nikaulaza. Wa pili. Wa tatu. Nilikuwa nimeapa sitalia na kwa wa tano nikalia, si kwa sauti, machozi tu yaliendelea na kazi yao na mimi na yangu. Hakuna aliyenisaidia, na nilielewa kwa nini. Hata mama mdogo alisimama amekunja mikono. Nilipomaliza mstari wa pili watu walikuwa bado wapo, na sijui nani alianza, lakini nilipoinua kichwa mwanamke mmoja alikuwa amevuka pale mstari ulipokuwa, ameweka ungo chini na kukaa.

Mzee wa bati jekundu alisema atang'oa mvua ikikatika. Aling'oa kweli, ila si yote. Mikaratusi minne aliiacha kwenye kona ya ukuta wake, na ukimuuliza anasema ni ya kuzuia upepo. Upepo kweli unatoka upande ule mwingine kabisa. Mwenyekiti bado anamfuatilia. Mawe yalipungua yenyewe, kila siku mawili matatu, hadi siku moja hayakuwepo. Paini zangu nilizirudisha Kifanya, zipo nyuma ya kitalu cha baba, zilizopona, na safari hii nilizipanda ovyo makusudi. Baba akipita pale anatikisa kichwa.

Dereva wa trekta nilimfuata yadi mwenyewe. Alitaka kuambiwa na mwenyekiti, akaambiwa. Jumatatu iliyofuata, saa moja na nusu: kra-kra-kra-kraaa. Kimya. Ko. Nilikuwa kitandani, nikacheka kwenye mto.

Lakini Bibi hakuja. Nilikwenda kumwambia kuwa mstari haupo, akasema amesikia, akasema amezoea hapo mlangoni. Nikaenda tena. Akasema njia ni ndefu. Ilikuwa kweli, ilikuwa imerefuka. Kwa miezi ile miguu yake ilikuwa imesahau. Hilo sikuweza kuling'oa kwa jembe.

Nikamwomba fundi seremala wa yadi anipigilie benchi kwa mabanzi mawili mapana, magome chini, upande laini juu. Nikalipiga randa mwenyewe kwa kusimamiwa. Fundi alitaka kulichimbia miguu ardhini lisiibiwe. Jioni nilipomsimulia mkwe wa Bibi habari za benchi, Bibi akaongea kutoka kizingitini ambako nilidhani amesinzia.

"Msichimbie," akasema. "Jua lenyewe halijachimbiwa."

Hatukuchimbia. Na mwezi wa sita ulipoingia, na baridi ile ambayo inakufanya uongee moshi, asubuhi moja nilimwona kwenye kona. Ukuta wa tatu, wa pili, wa kwanza. Mkwe wake alikuwa nyuma yake hatua mbili, hakumshika. Alichukua muda mrefu kuliko ibada. Alipofika alikaa kwenye benchi, akapandisha khanga, akayaelekeza magoti. Nilisimama mbele yake nimejaa maneno ya kuomba msamaha, niliyoyapanga kwa mstari ulionyooka vizuri.

"Mke mwenzangu," akasema, "sogea. Unanikingia."

Sasa kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Mwezi wa sita jua linahama, halichomozi pale lilipochomoza mwezi wa nne, na kivuli cha paa la yadi kinakatiza uwanja kwa namna nyingine kila wiki. Benchi likiachwa pale lilipokaliwa jana, asubuhi linakuta kivuli kwa nusu saa nzima. Nusu saa ni nyingi kwa magoti yale.

Kwa hiyo leo, kabla ya trekta, nilikwenda uwanjani. Hapakuwa na mtu. Umande ulikuwa mweupe juu ya majivu na juu ya mifuko ya nailoni, ambayo, niseme kweli, bado ipo. Nilisubiri hadi mwanga wa kwanza ukagusa ardhi, kipande kidogo kama mkeka wa mtu mmoja. Nikalishika benchi upande mmoja nikalivuta, nikaenda upande wa pili nikalivuta, hatua nne, hadi likaingia lote. Nikalifuta umande kwa khanga yangu. Nikaweka banzi fupi mbele yake, la kukanyagia. Halafu nikaona kivuli changu kimelala juu ya benchi, kirefu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikasogea pembeni.